Aibu Iliyo Chini ya Kabini: Kukagua na Kubadilisha Beringi ya Mzunguko ya Ekskaveta



Ndugu msomaji, tunaposoma mlango wa biashara na mlango wa ijara katika fiqhi, mifano tunayopewa ni nyumba, ngamia, shamba na nguo. Leo tuchukue mfano wa zama zetu: ekskaveta, mtambo wa kuchimbia ambao mtaani watu huuchanganya na buldoza na kuyaita yote katapila. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si uhandisi. Lakini nimekulia Buyenzi, hapa Bujumbura, mtaa ambao gereji na misikiti ni majirani, na likizo zangu nyingi nimezipitisha nikimsaidia baba mdogo, ambaye ni fundi wa mitambo mizito. Huko nimeona kwamba ugomvi mkubwa kati ya mwenye mashine na mkodishwaji, au muuzaji na mnunuzi, unaweza kutokana na kifaa kimoja ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukipima. Kifaa hicho ni beringi ya mzunguko.

Beringi hii ni nini?

Ekskaveta ina sehemu mbili. Ya chini ni fremu na cheni za kutembelea. Ya juu ni kabini, injini, mkono wa kuchimbia na uzani wa chuma ulio nyuma. Kinachoziunganisha ni pete mbili kubwa za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi. Katika mashine nyingi za ukubwa wa kati, pete ya ndani hufungwa kwa bolti kwenye fremu ya chini, na ina meno upande wake wa ndani. Pete ya nje hufungwa kwenye sehemu ya juu. Mota ya haidroliki huzungusha gia ndogo, pinioni, nayo hutembea juu ya meno hayo. Hivyo ndivyo kabini na kila kilicho juu huzunguka.

Beringi hii hubeba mizigo mitatu kwa pamoja: uzito wa sehemu ya juu, msukumo wa pembeni, na nguvu inayotaka kuipindua mashine. Mkono ukinyooshwa mbele na ndoo imejaa, upande wa mbele wa beringi hugandamizwa na upande wa nyuma huvutwa kwenda juu. Kinachozuia upande wa nyuma usinyanyuke ni gololi, kingo za pete na bolti. Kwa hiyo beringi iliyolika au bolti zilizokatika zinahusu uhai wa opereta na wa vibarua walio karibu naye.

Dalili za kuangalia

Kwanza, grisi. Funua kifuniko cha ukaguzi na uchukue grisi kidogo kwa vidole. Ikiwa na chembe zinazong'aa, chuma kinasagika. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa kavu na ngumu, haijatiwa kwa muda mrefu. Hapa ukumbuke kuwa kuna sehemu mbili za grisi. Gololi hupata yake kupitia nipeli, na meno ya gia yana yake kwenye bakuli lililo katikati. Kujaza moja hakutoshelezi nyingine.

Pili, sili. Mpira unaozunguka beringi ukitoka mahali pake au ukikatika, matope yanaingia. Mashine inayotoa mchanga au kupanga mawe mtoni ikaguliwe zaidi, na ikizamishwa hadi maji yakafika kwenye beringi, itiwe grisi mpya mara baada ya kazi.

Tatu, bolti. Tafuta kutu inayotoka chini ya kichwa cha bolti, rangi iliyopasuka kandokando yake, au bolti iliyokatika. Bolti moja ikikatika, zilizo jirani nayo zimebeba mzigo wake. Kuibadilisha hiyo moja na kuziacha nyingine ni hatari.

Nne, sauti na mwendo. Zungusha polepole, bila mzigo, duara zima. Sikiliza mlio wa kusaga au kugonga, na uone kama kuna mahali inakwama.

Tahadhari: si kila ulegevu unatokana na beringi. Sehemu ya juu ikicheza kushoto na kulia inaposimama, huenda meno ya gia au giaboksi ya mzunguko ndiyo yamelika. Mkono ukicheza, huenda ni pini na bushi zake. Beringi yenyewe ikilika, sehemu ya juu huinama na kuinuka. Wapo waliotumia fedha nyingi kubadilisha kisichokuwa na ugonjwa.

Jinsi ya kupima

Dalili hukuonya tu. Uamuzi unahitaji kipimo, na kipimo chake ni geji ya saa, ile yenye uso wa mviringo na sindano.

1. Simamisha mashine juu ya ardhi ngumu iliyo sawa. Hakikisha bolti zote zimekaza, kwani bolti iliyolegea hutoa kipimo cha uongo.
2. Nasa kishikio cha sumaku cha geji kwenye fremu ya chini, upande wa mbele, na ncha yake iguse upande wa chini wa sehemu ya juu, karibu na pete ya nje.
3. Opereta anyooshe mkono mbele, ndoo ikiwa hewani karibu na ardhi. Sasa upande wa mbele umegandamizwa. Weka sindano kwenye sifuri.
4. Opereta agandamize ndoo chini mpaka mbele ya cheni inyanyuke kidogo. Sasa upande wa mbele umesukumwa juu. Soma geji. Tofauti uliyoipata ndiyo ulegevu wa beringi.
5. Rudia mara mbili au tatu, kisha geuza sehemu ya juu robo mzunguko na upime tena, kwa sababu beringi hailiki sawasawa pande zote.

Mkono wala kichwa kisiingie kati ya sehemu ya juu na cheni wakati mashine inafanya kazi. Soma ukiwa nje, na opereta asiguse chochote mpaka umpe ishara.

Kikomo hutofautiana kwa kampuni na kwa modeli, na kimeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Inasaidia sana kuwa na kipimo cha mwanzo. Kwa mfano wa hesabu tu, mashine ikipimwa milimita 0.8 ilipokuwa mpya na leo milimita 2.1, imeongezeka milimita 1.3. Asiyeandika ile 0.8 hawezi kujua hilo.

Kubadilisha

Kazi hii haifanywi kwa jeki na magogo. Huondolewa mkono wa kuchimbia na uzani wa nyuma, presha ya haidroliki huachiliwa, mipira na kiungo cha mafuta cha katikati hutenganishwa, kisha sehemu ya juu hunyanyuliwa kwa kreni yenye uwezo. Hata ikiwa imepunguzwa hivyo, bado ni tani kadhaa. Hakuna anayepita chini yake.

Beringi ikitoka, nyuso zote mbili za kufungia zisafishwe na zikaguliwe kama zimenyooka. Beringi mpya ikikazwa juu ya uso uliopinda, nayo itapinda na kulika mapema. Angalia pia pinioni, kwa sababu meno yaliyolika yatakula meno mapya.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipuuza. Njia ya gololi hufanywa ngumu kwa moto, na huacha kipande kifupi kisicho kigumu pale ugumu ulipoanzia na kuishia. Mara nyingi kimegongwa alama ya herufi S. Kipande hicho kisiwekwe mbele wala nyuma, ambako mzigo ni mkubwa, bali pembeni.

Bolti ziwe mpya na za daraja lile lile la kiwanda. Zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, kwa awamu, kwa spana ya kupimia mkazo. Baada ya saa za mwanzo za kazi, kwa kawaida ndani ya saa 100, zikaguliwe tena. Grisi itiwe kwa zamu: ndoo iwe chini na injini imezimwa, tia kidogo, washa na uzungushe kidogo, zima na utie tena, mpaka duara liishe. Na anayechomelea fremu aweke waya wa ardhi karibu na anapochomelea, ili umeme usipite kwenye gololi na kuziunguza. Kubadilisha gololi pekee na kuacha njia iliyolika ni kuahirisha tatizo.

Nani alipe?

Niliwahi kushuhudia mashine iliyokodishwa ikirudi huku kabini inayumba. Mwenye mali alisema, "Niliitoa ikiwa nzima." Mkodishwaji akajibu, "Niliipokea hivyo hivyo." Wote wawili waliapa. Hakukuwa na karatasi wala namba, na wazee walioitwa kusuluhisha hawakuwa na cha kushika zaidi ya viapo.

Msingi katika ijara ni kwamba manufaa ni ya mkodishwaji, lakini mali yenyewe, pamoja na uchakavu wake wa kawaida, ni ya mwenye nayo. Kiwango cha sharia namba 9 cha AAOIFI, taasisi iliyoko Bahrain, hakiruhusu kumshurutisha mkodishwaji matengenezo makubwa. Matengenezo ya kawaida ya uendeshaji anaweza kubebeshwa. Basi grisi ya kila siku yaweza kuwa juu yake, na beringi iliyochakaa kwa matumizi ya kawaida ni juu ya mwenye mashine. Lakini mkodishwaji ni mwenye amana. Akizembea grisi waliyokubaliana, au akiitumia mashine kinyume cha mkataba, anadhamini alichoharibu. Na hayo yote hayathibitiki bila kipimo cha siku ya kukabidhi na cha siku ya kurudisha.

Kwa muuzaji, Abu Hurayra (r.a.) amepokea, katika Sahihi Muslim, kisa cha Mtume (s.a.w.) kupita penye rundo la chakula sokoni. Hakutosheka na sehemu ya juu. Aliingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu, akamuuliza mwenye chakula kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Grisi mpya iliyopakwa juu ya beringi iliyolika siku moja kabla ya mnunuzi kufika ni unyevu uliofichwa chini ya rundo. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu muuzaji anayeweka sharti la kutohusika na aibu yoyote, lakini kuficha aibu unayoijua hakuna aliyekuhalalisha. Mnunuzi aliyefichwa aibu ya kabla ya mauzo ana khiyari ya kuirudisha bidhaa.

Ndugu zangu mnaosoma uhandisi, mkiitwa kukagua mashine, pimeni na muandike: tarehe, saa za injini, sehemu iliyopimwa, milimita zilizopatikana, na majina ya waliokuwepo. Nasi wa sharia, kabla ya kuwaapisha watu, tuulize kwanza: geji ilisoma ngapi?

Wabillahi tawfiiq.