Asumini na mkate wa kumimina havitakuaibisha

SHANGAZI, mimi ni binti wa Dunda, hapa Bagamoyo. Ndoa yangu itafungwa Januari baada ya Alasiri, na walima itakuwa usiku kwenye bustani iliyo karibu na bahari. Nimependekeza tupambe kwa asumini, rehani na makuti, na badala ya keki tukate mkate wa kumimina, uliwe na halua na kahawa. Mama mkwe na baadhi ya wanakamati wanataka mawaridi kutoka Arusha na keki ya ghorofa tatu. Wanasema watu watatucheka kuwa tumefilisika. Mchumba wangu amenyamaza. Nifanye nini?
Bi Harusi Mtarajiwa, Bagamoyo

Hongera, mwanangu. Chaguo lako ni zuri na lina sababu za kutosha, ingawa sababu peke yake hazitamridhisha mama mkwe; utahitaji pia adabu ya kulifikisha kwake, na hilo nitalijia. Kwangu mimi, pambo na chakula cha harusi hupimwa kwa jambo moja: kimfikie mgeni kikiwa kizima, kimtoshe, na aone kuwa mwenyeji amejishughulisha kwa ajili yake. Kwa harusi ya Januari, usiku, kando ya bahari, vitu vya kwenu vinakidhi kipimo hicho kuliko vile kamati inavyotaka kuagiza.

Tuanze na maua. Mawaridi yanayolimwa Arusha, chini ya Mlima Meru, yanapendeza na siyabezi. Lakini hayo ni maua ya baridi. Wanaoyasafirisha kwenda Ulaya huyahifadhi kwenye nyuzi joto 2 hadi 4 tangu yanapokatwa. Ya kwako yatasafiri zaidi ya kilomita 500, pengine ndani ya boksi kwenye basi, kisha yapangwe mezani mchana wa nyuzi 30 na zaidi, upepo wa kaskazi ukivuma. Hapo ndipo mpambaji hulazimika kuchomeka maua ya plastiki ili meza isionekane imenyauka kabla wageni hawajaketi. Asumini ni kinyume chake. Vitumba vyake huchumwa alasiri vikiwa vimefumba, hufunguka giza linapoingia, na harufu hukolea usiku. Saa za harusi yako ndizo saa za ua hilo, na msimu wa joto ndio msimu wake, mradi mti umwagiliwe.

Ni kweli kwamba asumini haiwezi kujaza meza. Ua lake ni dogo, na ikifika asubuhi limekwisha. Kwa hiyo kila kimoja kipewe kazi yake: lango na jukwaa yapambwe kwa makuti mabichi yaliyosukwa, nayo asumini na rehani ziwe vikuba vya kina mama na makoja ya maharusi. Zungumza mapema na wanawake wanaotunga vikuba, na mpatane na nyumba kadhaa zenye miti, maana mti mmoja hautoshi. Kutunga ni kazi ya mikono mingi na saa nyingi, hivyo walipeni haki yao; msichukulie kuwa ni ya bure kwa sababu ua limetoka uani.

Sasa keki. Keki ya ghorofa iliyopakwa sukari nyeupe ni desturi iliyokulia Uingereza katika karne ya 19. Ile ya harusi ya Malkia Victoria, mwaka 1840, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 136. Ilikuwa keki ya matunda makavu, imefunikwa kwa sukari iliyokauka ikawa ngumu, na katika nchi ya baridi iliweza kukaa bila kuharibika. Siku hiyo hiyo malkia alijipamba kwa maua ya mchungwa. Waingereza walichagua kilichofaa hali ya hewa yao na kilichokuwa na hadhi machoni pao, na sisi tuna haki ileile. Keki nyingi za kwetu leo hupakwa krimu ya siagi, na siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, tena huanza kulegea kabla ya hapo. Mkate wa kumimina hauna cha kuyeyuka: ni mchele uliolowekwa, ukasagwa na tui la nazi, ukatiwa iliki, sukari na hamira, ukaumuka, ukaokwa kwa moto wa juu na chini. Mpunga unalimwa bonde la Ruvu na nazi zipo Kaole na Mlingotini. Halua nayo, kwa wanga, sukari na samli yake, hukaa siku nyingi bila friji.

Utaambiwa kwamba harusi bila keki si harusi. Hapo waelekeze kwa Wachagga. Katika kumbi za Dar es Salaam ndafu, yaani mbuzi mzima aliyebanikwa, huingizwa kwa shangwe, maharusi humkata, hulishana, kisha wakwe hupelekewa sehemu yao. Wapo wanaoiita keki ya Kichagga. Mara nyingi keki ya unga nayo huwepo, lakini ndafu ikipita hakuna anayesema familia imefilisika. Watu huheshimu kitendo cha kukata, kulishana na kuwatunza wazazi, na kitendo hicho mkate wenu unakibeba vilevile. MC atangaze kama anavyotangaza keki, na mpiga picha asimame palepale.

Utaambiwa pia kuwa mkate wa kumimina ni chakula cha futari, kila mtu anao nyumbani. Pilau pia iko nyumbani, wala hakuna mgeni aliyeikataa harusini. Kinachowachekesha watu ni sahani kupungua au chakula kuchacha, na hapo ndipo uwe mwangalifu. Tui halivumilii joto, kwa hiyo mikate iokwe siku ileile na ipoe kabla ya kufunikwa. Mkate mmoja ukitoa vipande 12, mikate 20 hutoa vipande 240. Fanya hesabu kwa idadi ya wageni wako, kisha ongeza. Na mapambo yoyote mtakayotumia, msichomeke maua ya dukani juu ya chakula, kwani mengi hupuliziwa dawa za wadudu.

Nirudi kwa mama mkwe. Usibishane naye kwenye kundi la WhatsApp la kamati, mbele za watu. Mchumba wako ndiye wa kwanza kuzungumza na mama yake. Kunyamaza kwake kunakuachia ugomvi usio wako. Kisha somo yako au shangazi yako aende kwa heshima, asikilize kwanza, kwa sababu mwenye kuchangia ana neno, na hofu yake ya kuaibika mbele ya ndugu zake ni ya kweli. Aombwe yeye asimamie sinia la halua na awe wa kwanza kulishwa mkate jukwaani. Akitamani mawaridi, shada moja la mkononi, lililotunzwa kwenye boksi la barafu, litatosha. Akitaka keki, kuwe na mkate wa mayai kwa ajili ya watoto. Hayo mkubalie kwa moyo mweupe.

Ila hayo mawili makuu, asumini na mkate wa kumimina, usiyaachie. Mcheza kwao hutunzwa, mwanangu. Mwambie mchumba wako akazungumze na mama yake wiki hii, kabla kamati haijalipa malipo ya awali ya keki.