Saa za Kwanza za Mama na Mtoto: Mwongozo kwa Familia za Kericho na Bomet

1. Kufika kituoni hakutoshi

Kwa mujibu wa Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya, uzazi unaosimamiwa na mhudumu mwenye ujuzi uliongezeka kutoka asilimia 62 mwaka 2014 hadi asilimia 89 mwaka 2022, lakini vifo vya watoto wachanga, yaani wale wasiotimiza siku 28, vilishuka kidogo tu, kutoka 22 hadi 21 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Takwimu hizo zinaonyesha kwamba uhai wa mama na mtoto hautegemei tu mahali pa kujifungulia, bali pia wakati wa kufika hapo na yale yanayofanywa katika saa za kwanza.

2. Safari na ngazi za huduma

Katika nyanda za chai, mvua inayostawisha majani ndiyo inayogeuza barabara za udongo kuwa utelezi, hasa nyakati za alasiri, hata bodaboda ikashindwa kupanda mlima. Zahanati na vituo vya afya humhudumia mama anayejifungua kwa njia ya kawaida, ilhali upasuaji na kuongezewa damu hupatikana katika hospitali kubwa, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho, Longisa, Tenwek na Litein. Kwa hiyo mjamzito aliyewahi kupasuliwa, mwenye mimba ya mapacha au mwenye shinikizo la damu anashauriwa kukubaliana mapema na mkunga kuhusu hospitali atakakojifungulia, na familia iamue kabla ya uchungu kuanza ni gari gani litakaloitwa usiku, nani atakayemsindikiza na nani atakayebaki na watoto.

3. Damu inayovuja baada ya kujifungua

Mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida akipoteza damu ya mililita 500 au zaidi, huhesabiwa kuwa anavuja damu kupita kiasi, na hali hiyo yaweza kumuua katika muda wa saa chache. Kinga yake ya kwanza ni sindano ya oksitosini, dawa inayokaza mji wa mimba, ambayo hutolewa mara tu mtoto anapozaliwa na ambayo huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, ndiyo maana friji ya zahanati ni kifaa cha kuokoa maisha sawa na kitanda cha kuzalia. Kwa kuwa kukadiria damu kwa macho hupotosha, utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulitumia shuka la plastiki lenye mfuko wa kukinga damu na mistari ya kuipimia. Pale ambapo kipimo hicho kiliandamana na tiba zote kutolewa kwa pamoja, yaani kukanda mji wa mimba, dawa na maji ya mshipa, madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60.

4. Pumzi na joto la mtoto

Mtoto asiyelia hukaushwa na kusuguliwa mgongo, na asipopumua husaidiwa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Joto la mwili wake lapasa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, nalo hushuka upesi mahali kama Kericho, mji ulio takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo mtoto hulazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevikwa kofia na kufunikwa, huanza kunyonya ndani ya saa moja, na haogeshwi kabla ya saa 24 kupita. Jiko la makaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa ili kumpasha joto, kwa kuwa hewa yake ya sumu huua bila kunukia.

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, na yule mwenye uzito wa chini ya kilo 2.5, hufaidika zaidi na utunzaji wa kangaruu, ambao ni kumfunga kifuani kwa muda mrefu kila siku. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa uhaba wa mashine za joto, na baba au nyanya anaweza kumpokea mama anapopumzika.

5. Dalili za hatari

Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu na kuvimba uso huweza kutangulia kifafa cha mimba, yaani degedege linalotokana na shinikizo la damu. Kwa mtoto, dalili ni kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, mwili kuwa moto au baridi, na kitovu kutoa usaha. Yeyote mwenye dalili hizo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, pasipo kungoja kupambazuke.

6. Gharama na kazi

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF katika bima ya afya ya umma, kwa hiyo inafaa usajili ukamilishwe wakati wa kliniki za ujauzito. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama mwajiriwa likizo ya miezi 3 yenye malipo kamili, na baba wiki 2. Lakini mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa na Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayomtaka mwajiri kutenga mahali na muda wa kunyonyesha. Kwa hiyo mchumaji chai anayerejea kazini ana haki ya kuuliza, kabla ya likizo kwisha, mahali hapo pametengwa wapi.