Kuwachanganya Vifaranga na Kuku Wakubwa



Kila ufikapo msimu, wengi wetu huwafungia kuku wasipande majamvi wakazipekua karafuu na kuzitia kinyesi. Hayo ni haki. Lakini kwa haraka ya kazi wakubwa na wadogo hutiwa kizimba kimoja, na asubuhi hukutwa vifaranga wawili watatu wamekufa, vichwa vimedonolewa hata mfupa waonekana. Mwenyewe hulaumu ngawa au panya, na kumbe mara nyingi mwuaji yumo humo humo ndani.

Kuku wana daraja zao. Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza ya kuwa kila kuku anamjua wa kumdona na wa kumwogopa. Akiingia mgeni, daraja zote hupimwa upya, na kifaranga hana nguvu ya kupimana.

Waliototolewa na koo wao hawana shida kubwa, maana mama huwatetea, naye jogoo mwenyewe humwogopa. Shida ni hawa walionunuliwa, wasio na mama. Kwanza wakae mbali na wenzao wiki 2 kwa uchache, na 4 ni bora, ili maradhi waliyokuja nayo, kama yapo, yajitokeze huko huko. Tuwahudumie wao kwanza, kisha wakubwa, tusichukue uchafu wa huku kuupeleka kule. Chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni, isisahauliwe. Hurudiwa kila miezi 3 au 4.

Wasichanganywe mpaka wakaribie kimo cha wakubwa, yaani kama wiki 12. Hata hapo, yafaa kizimba kigawanywe kwa wavu au fito muda wa wiki nzima, waonane wasifikiane. Wiki hii ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko yote.

Siku ya kuwaunganisha, tuwapandishe wageni usiku penye kijiti cha kulalia, kwani kuku gizani haoni vyema wala hagombani. Lakini usiku peke yake hautoshi. Alfajiri mtu awepo mlangoni. Tusitie mgeni mmoja peke yake, maana wote watamwandama yeye. Vyombo vya maji na chakula viwe viwili au vitatu, mbalimbali, asije mkubwa mmoja akavizuia vyote. Pembeni tuweke fito zenye nafasi ya kupita mdogo tu, apate pa kukimbilia.

Kudonana kidogo si neno. Kutapungua baada ya siku chache. Ila ikionekana damu, aliyejeruhiwa atolewe mara moja, kwani wekundu huwavuta wengine wakamalizia. Na kama mchokozi ni mmoja, atolewe yeye siku mbili tatu. Akirudi atakuta nafasi yake imekwisha chukuliwa, na ujeuri utapungua.

Jambo moja husahauliwa sana. Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi, nayo huharibu mafigo ya wadogo. Wakisha changanywa, wote walishwe chakula cha kukuzia, na wale watagao wawekewe makombe ya pwani yaliyopondwa katika chombo chao mbali.

Mwenye vifaranga sasa na ahesabu wiki zao kabla majamvi hayajatandikwa. Wasipotimia, ajenge kizimba cha pili. Fito na makuti vyatosha.