SOMO: KUCHAGUA HABU YA USB-C

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Wilaya za Mbulu na Hanang wanaelezwa kuwa kompyuta mpakato nyingi za sasa zina matundu machache, aghalabu ya USB-C, aina iliyobuniwa mwaka 2014. Ili kuunganisha projekta, diski na waya wa mtandao kwa pamoja huhitajika habu, yaani kifaa kinachogawa tundu moja kuwa mengi.

Ikumbukwe kuwa habu ya kawaida haiongezi uwezo ambao tundu la kompyuta halina. Matundu ya USB-C hufanana kwa umbo, lakini si yote yanayopitisha picha au kupokea chaji. Kwa hiyo, kabla ya kununua:

1. Soma kitabu cha maelezo ya kompyuta, ujue tundu lake linapitisha nini.

2. Tazama projekta ya ofisi. Nyingi za zamani hutaka VGA, si HDMI.

3. Linganisha wati. Umeme wa chaja ukipitia kwenye habu, sehemu yake hutumiwa na habu yenyewe.

4. Kwa diski, chagua tundu la gigabiti 5 kwa sekunde. La USB 2.0 huishia megabiti 480.

Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh tarehe 3 Desemba 2023 linatukumbusha kuwa kumbukumbu za umma hazifai kukaa mahali pamoja. Nakala zichukuliwe mara kwa mara na diski ihifadhiwe jengo jingine. Habu ijaribiwe kwa vifaa vya ofisi kabla ya malipo.