Programu Inapokataa Kuingia Katika Kompyuta

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wanaotumia kompyuta wanafahamishwa kuwa somo la safari hii linahusu programu inayokataa kuingia katika kompyuta yenye mfumo wa Windows. Jambo lenyewe ni dogo, lakini dawa yake imezoeleka kuwa kubwa kuliko ugonjwa: huitwa fundi, naye hufuta diski yote na kuweka mfumo upya, kazi ambayo mitaani huitwa "kupiga Windows". Programu huingia, ni kweli. Lakini rejista, barua na hesabu za miaka mingi ambazo hazikuwa na nakala pengine popote huwa zimekwenda, na mwananchi anayekuja kufuatilia jalada lake hapati wa kumjibu.

Kabla ya kufika huko, na isomwe ile taarifa inayotokea kwenye skrini. Wengi huifunga kwa haraka kama afukuzaye nzi. Ndani yake aghalabu mna namba, na namba hiyo ndiyo ushahidi. Iandikwe kwenye karatasi.

Namba 1618 ina maana kuwa kazi nyingine ya kuweka programu inaendelea wakati huo huo. Isubiriwe imalizike, ikiwa haina dalili ya kuisha, kompyuta izimwe kwa utaratibu na kuwashwa upya. Namba 1925 inasema kuwa anayeitumia kompyuta hana mamlaka ya kuwawekea programu watumiaji wote. Hapo mashine haina kosa lolote. Imelinda mlango wake, na wa kuombwa ni msimamizi wa kompyuta wa ofisi. Namba 1335 huashiria kuwa faili la programu limeharibika, jambo linaloweza kutokea pale mtandao unapokatika katikati ya kupakua au flashi inapochomolewa kabla ya wakati. Faili bovu hata likijaribiwa mara kumi halitengenezeki. Lipakuliwe upya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe.

Inayosumbua zaidi ni namba 1603, kwani husema tu kwamba kazi imeshindikana. Huenda mfumo hauna ruhusa kamili juu ya folda inayowekewa programu, au folda hiyo imefungwa kwa usimbaji, au programu hiyo imo tayari. Ikiwa jina la faili linaishia na .msi, amri ya msiexec yenye nyongeza ya /l*v huandika kila hatua katika faili la maandishi. Fundi atafute humo maneno "Return value 3". Sababu kwa kawaida imo mistari michache juu yake. Fundi asiyetaka kuisoma mistari hiyo asikabidhiwe diski kuifuta.

Zipo pia sababu zisizohitaji namba. Programu nyingi hujifungua kwanza katika folda ya muda iliyomo kwenye diski C, kwa hiyo C ikijaa kazi hukwama hata kama umechagua D. Programu ya biti 64 haiingii katika Windows ya biti 32, na programu kongwe za biti 16, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, hazifanyi kazi katika Windows ya biti 64. Ofisi ambayo bado inategemea programu ya hesabu ya zama zile na ilitambue hilo kabla ya kununua mashine mpya. Aidha, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na Windows 11 inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Kompyuta isiyokuwa navyo haikidhi masharti ya mtengenezaji, na fundi asilaumiwe kwa hilo.

Programu inayotaka kinga ya virusi izimwe ndipo iingie, khasa ile ya bure iliyovunjwa kufuli, isiwekwe kabisa katika kompyuta ya ofisi.

Anayemwita fundi amkabidhi jina na toleo la programu, namba ya hitilafu, na mabadiliko yaliyofanywa karibuni katika kompyuta hiyo. Ikiwa baada ya hayo yote kufuta diski hakuepukiki, nakala ya majalada ichukuliwe kwanza kwenye diski ya nje, ifunguliwe katika kompyuta nyingine kuhakikisha kuwa inasomeka, na mkuu wa ofisi atoe idhini kwa maandishi kabla ya kazi kuanza.