Kuandikishwa Si Kujua Kusoma

Mtu akijitaabisha kutengeneza jambo, yampasa aamue mapema ni ishara gani itakayomjulisha kwamba limetengenea. Wengi wetu twahesabu jasho letu tu: mikutano mingapi, fedha kiasi gani, watu wangapi waliokuja. Hesabu ikiwa kubwa, twaridhika.

Tutazame kisomo cha watu wazima katika Tanzania. Mwaka 1967 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kama 67 katika kila watu wazima 100. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baadaye mamilioni wakajiandikisha. Serikali ingaliweza kutosheka na madaftari ya mahudhurio. Haikutosheka, nasi twaisifu kwa hilo. Agosti 1975 ulifanywa mtihani wa taifa zima, nao watu wakapangwa katika madaraja manne. Wa chini aliweza kutambua maneno machache. Wa juu aliweza kusoma gazeti, kuandika barua na kutunza hesabu zake mwenyewe. Ni waliofika daraja la tatu na la nne tu waliohesabiwa kuwa wajua kusoma. Wasiojua wakaonekana kuwa 39 katika 100. Mwaka 1977 wakawa 27. Mwaka 1986 kama 10.

Hapa twamwomba msomaji atulie kidogo, kwa maana sensa ya mwaka 2012 ilikuta kama 22 katika 100. Je, tulirudi nyuma? Tusiharakishe kusema hivyo. Mtihani humpa mtu karatasi asome. Karani wa sensa huuliza tu, na kuandika analojibiwa. Vipimo hivi viwili si ndugu. Tena hesabu ya 2012 yawahusu pia vijana waliozaliwa baada ya kisomo kile, na wengine wao walikosa shule katika miaka ya shida iliyofuata. Hata hivyo hatuwezi kudai kwamba ushindi wa 1986 ulijilinda wenyewe. Magazeti ya vijijini yalipopungua na vitabu visipokuja, waliojifunza ukubwani walibaki bila kitu cha kusoma.

Labda nyumbani mwako yupo bibi aliyefaulu mwaka 1977. Usimwombe cheti chake. Mpe barua ya mjukuu wake, kisha umngojee asome.