Ushauri: Maji ya kiwanda yataelekea wapi?

*Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kijiji cha pwani hapa Kilwa, karibu na mdomo wa mto. Mume wangu ni mvuvi na mimi huenda kuchokoa pweza maji yakitoka. Mwezi uliopita alikuja mwekezaji anayetaka kujenga kiwanda cha ethanoli, lita 30,000 kwa siku, kwa kutumia muhogo wetu na mabibo ambayo kila msimu yanaozea chini ya mikorosho. Eneo alilopenda liko juu ya kijiji kando ya mto, kama mita 400 kutoka shuleni. Tuliitwa kikao, tukasaini mahudhurio, tukapewa nauli. Mkutano mkuu wa kijiji ni baada ya wiki tatu. Wengine wanasema kitalipuka, wengine wanasema ni kiwanda cha gongo, wengine wanasema tusiogope maendeleo. Tuulize nini?*
*Mama wa Wanne, Kilwa*

Umeuliza mapema, na hilo peke yake limenifurahisha, maana barua nyingi za namna hii hunifikia matrekta yakiwa yameshaingia.

Nianze na wanaosema kitalipuka, kwa sababu hawajakosea sana. Ethanoli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata joto likiwa nyuzi 13 tu, na Kilwa hata usiku wa Julai hatuteremki huko. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kufuata mtaro mpaka ukutane na jiko la mama lishe au sigara ya dereva. Halafu moto wake mchana ni kama haupo. Nilipokuwa kijana katika kiwanda kimoja nilimwona fundi akipeleka mkono kwenye bomba lililokuwa likivuja, saa sita, jua kali. Hakukuwa na moshi wala mwali wowote wa kuonekana. Tulichoona ni vinyweleo vya mkono wake vikijikunja na kupotea, kisha akapiga kelele. Moto ulikuwa umeshawaka muda huo wote, na sisi watatu tumesimama pale tunautazama bila kuujua.

Kwa hiyo swali lenu la kwanza ni hili: matangi ya akiba yatakaa wapi, na yatazungushiwa ukuta wa kuzuia spiriti isitiririke tangi likipasuka? La pili: je, kiwanda kitakuwa na povu la kuzimia linalohimili alkoholi? Povu la kawaida huharibika likigusa ethanoli, hivyo gari la zimamoto linaweza kufika na lisisaidie chochote. Ulizeni pia gari hilo litatoka wapi na kufika baada ya dakika ngapi. Mita 400 kutoka shule yenye watoto ni karibu mno kwa matangi ya aina hii, na mimi nisingenyoosha mkono kukubali. Mwambieni asogee.

Na malori ya spiriti yatapita katikati yenu. Sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipoanguka, watu wakakimbilia kuchota, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Watoto wenu wafundishwe kabla lori la kwanza halijapita kwamba likianguka, kazi yao ni kukimbia mbali nalo.

Kwa watakaoajiriwa kuna hatari nyingine isiyosemwa vikaoni. Muhogo na mabibo vikichacha hutoa hewa ya ukaa nyingi, na hewa hiyo hutuama chini ya tangi. Kijana akiingia kusafisha bila tangi kupimwa huanguka kimya, na mwenzake anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake, kama inavyotokea kwenye visima na mashimo ya vyoo. Muulizeni mwekezaji ana kipimo cha hewa na utaratibu gani wa kuingia kwenye matangi, na kama kiwanda kitasajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko moto. Moto ukitokea, nchi nzima itasikia. Maji machafu yatapita mlangoni kwako kila siku na hakuna atakayeandika habari.

Kila lita moja ya ethanoli huacha nyuma lita 10 hadi 15 za maji ya mabaki. Fanya hesabu: lita 30,000 za spiriti ni lita 300,000 hadi 450,000 za maji hayo kwa siku moja, sawa na malori 10 hadi 15 makubwa ya tangi. Ni maji ya moto, rangi yake kama kahawa iliyochemka mno, yenye ukali wa ndimu na harufu ya togwa iliyopitiliza. Spiriti haimo tena, lakini yamejaa masalia ambayo ni chakula cha vijidudu. Yakiingia mtoni, vijidudu huyavamia na kuvuta hewa yote iliyomo majini, samaki wakabaki hawana cha kupumua. Wenzetu wa Kenya kwenye mto Nyando, unaoingia Ziwa Victoria, wamelalamika miaka mingi juu ya maji taka ya viwanda vya sukari na pombe vya huko juu.

Na mto wenu hauishii ziwani. Unaishia kwenye mikoko, kamba wadogo wanakolelewa, kisha kwenye miamba unakochokoa pweza. Wenzenu wa kisiwa cha Songosongo wamejifunza kufunga mwamba kwa miezi ili pweza wakue, wakafungua na kuvuna wakubwa. Kazi yote hiyo inaweza kuharibiwa na bwawa moja lililopasuka. Usisahau pia kwamba pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu. Bwawa lisilotandikwa vizuri chini litavujia visimani bila mtu kuona. Na mvua zenu mnazijua. Januari 2020 mafuriko yalizamisha vijiji vya bonde hapa Kilwa, Njinjo ikiwemo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikakata barabara Somanga. Ulizeni bwawa limepigiwa hesabu ya mvua ya mwaka gani.

Haya maji yana dawa, na ndiyo sababu sisemi mkikatae kiwanda. Kiwanda makini huyafungia kwenye matangi yasiyopitisha hewa, yakatoa gesi ya kuchomea boila, na yanayobaki yakatumika kama mbolea kwa kipimo. Mwekezaji asiye na mpango huo atachoma kuni. Boila ya kiwanda cha ukubwa huo hula makumi ya tani za kuni kwa siku, na kuni hizo zitatoka kwenye misitu yenu ya miombo na mpingo. Mwulizeni mbele ya watu wote: utachoma nini?

Muhogo nao una hesabu yake. Lita moja hutaka kama kilo 6 za muhogo mbichi, kwa hiyo kiwanda kitahitaji tani 180 kwa siku. Hata mkivuna tani 10 kwa hekta, ambazo wengi wetu hatufikishi, ni hekta 18 kila siku, hekta 5,400 kwa siku 300. Mabibo yatapunguza kidogo, ila kwa miezi michache tu ya msimu. Anayetaja kiwanda leo ataomba ardhi kesho. Vijiji vya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe hapa Kilwa vinayo habari hiyo. Kampuni ya Bioshape ya Uholanzi ilichukua kwao takriban hekta 34,000 za kulima mibono ya mafuta, miti ya asili ikakatwa, na kufikia 2010 kampuni ilikuwa imefilisika. Ardhi haikurudi yenyewe kwa wanakijiji, kwa kuwa ilikuwa imeshahamishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Tumeni watu wawili waende wakawasikilize wazee wa huko kabla ya mkutano. Nauli ya Mavuji si kubwa.

Kuhusu karatasi mliyosaini, usiichukulie kirahisi. Karatasi za mahudhurio huambatanishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa, na msomaji wa ofisini hatajua kama mlikubali au mlinung'unika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike na cheti kitolewe kabla ya mradi kuanza. Ripoti hiyo inatakiwa iwe na muhtasari wa Kiswahili kwa lugha nyepesi. Daini muhtasari huo, usomwe kwa sauti mkutanoni, na maswali yenu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao pamoja na majibu. Kisha pelekeni barua kwa taasisi ya taifa inayosimamia mazingira na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, na nakala yenye mhuri wa kupokelewa ibaki kijijini. Pimeni pia maji ya mto na visima sasa hivi, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Bila kipimo cha leo, kesho hamtakuwa na cha kulinganisha.

Wiki tatu zinatosha. Kusanya wanawake wa pweza, maana wavuvi wengi watakuwa baharini, mwende pamoja mkakae mbele. Mkutano usifungwe na mtu asisaini chochote mpaka mwekezaji ajibu kwa maandishi maji yale yataelekea wapi. Akishajibu, niandikie.